Uchafu kwanza, javeli baadaye: Kusafisha mashine na beseni za kufulia bila kuumia



Juma lililopita tuliongea juu ya daftari la matumizi ya nyumba. Leo tunaingia mahali ambapo kila mama anapita karibu kila siku: pale tunapofulia nguo. Tunajua kusafisha nguo. Lakini ile beseni, ile bidoni, ile kamba na ile mashine inayosafisha nguo, nani anaisafisha? Na akiisafisha, anafanya namna gani ili asijiumize yeye ao watoto wake? Tunauliza hivyo kwa sababu jambo hili lilitupata sisi wenyewe, na tumekubaliana tuliseme ili lisipate wengine.

Kundi letu hapa Bukavu lilinunua mashine ya kufulia kwa pesa za likelemba. Ilikuwa mashine iliyokwisha kutumika, ile yenye sehemu mbili, upande mmoja wa kufulia na upande mwingine wa kukamulia. Tuliiweka katika chumba kidogo nyuma ya nyumba ya mama mtunza-sanduku wetu. Umeme ukiwa upo na maji yakiwa yanatoka, tulifua nguo za watu kwa malipo, na kila mwisho wa juma kitu kidogo kiliingia katika sanduku. Tulifurahi.

Baada ya miezi michache wateja walianza kunung’unika. Nguo zinarudi safi kwa macho, lakini zina harufu ya kitambaa kilicholala na maji. Tulidhani ni sabuni. Tukabadilisha sabuni, harufu ikabaki. Ndipo siku moja ya posho mama mtunza-sanduku aliamua kumaliza habari hiyo. Alimimina javeli nyingi ndani ya mashine, bila kupima. Akaongeza maji ya moto kutoka mbabula. Kisha akaona alama za kutu ambazo hazikutoka, akachukua dawa ya kusafishia choo, ile yenye asidi, akaimimina juu ya javeli. Mlango alikuwa ameufunga ili watoto wasiingie.

Jirani ndiye aliyesikia kikohozi. Alipofungua mlango, hewa ya ndani ilimchoma macho na koo. Alimshika mama yetu mkono akamvuta hadi uani, akapiga kelele: “Bamama, mukuye! Hapumuwe muzuri!” Tulimpeleka kituo cha afya. Alilala huko usiku mzima akisaidiwa kupumua, na kikohozi kilimfuata kwa majuma kadhaa. Leo yuko mzima, tunamshukuru Mungu. Ni yeye mwenyewe aliyetuambia: “Andikeni. Mimi nilifikiri dawa mbili zina nguvu kuliko moja.”

Mawazo hayo ni yetu sisi wengi. Kwa hiyo tuyaangalie vizuri.

KWA NINI DAWA MBILI ZISICHANGANYWE

Javeli ilipata jina lake kutoka Javel, kijiji kilichokuwa karibu na Paris, ambako ilianza kutengenezwa mwishoni mwa karne ya 18 kwa ajili ya kung’arisha vitambaa. Ndani yake mna klorini, na hiyo ndiyo inayoua mikrobe. Klorini ikiwa imetulia ndani ya maji, inatumika vizuri. Lakini javeli ikikutana na asidi, ile klorini inatoka ndani ya maji na kuwa gesi. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, inakaa chini na kujaa katika chumba kilichofungwa. Wale tuliosoma historia tunakumbuka kwamba ndiyo gesi ambayo jeshi la Ujerumani liliifungulia askari wa upande wa pili huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Silaha ya vita, sisi tunaitengeneza katika chumba cha kufulia bila kujua.

Asidi iko wapi nyumbani? Iko katika dawa nyingi za choo na dawa za kuondoa kutu. Iko katika vinegre. Iko hata katika limau, ambalo mama wengi wanalitumia kwa kutoa alama kwenye nguo. Kila moja ya vitu hivi inaweza kuwa na kazi yake, lakini haikutani na javeli, wala katika beseni moja, wala mmoja baada ya mwingine bila kusuuza kwa maji mengi.

Kuna adui wa pili ambaye mama wenye watoto wadogo wanapaswa kumjua: mkojo. Mkojo uliokaa unatoa amonia, ile harufu kali inayopanda puani asubuhi tunapofungua ndoo ya vitambaa vya mtoto. Javeli ikiangukia amonia inatoa gesi nyingine inayochoma macho na mapafu. Kwa hiyo vitambaa vya mtoto na mashuka ya anayekojoa kitandani vinasuuzwa kwanza kwa maji matupu, mara mbili, kisha vinafuliwa kwa sabuni na kusuuzwa. Ndipo javeli inaweza kuingia, kama inahitajika.

KWA NINI MASHINE INANUKA

Muganga alipotueleza, tuliona kwamba hata bila ile ajali, kazi ya mama yetu isingefaulu. Mashine ilinuka kwa sababu ya uchafu, na javeli si ya kutoa uchafu. Mafuta ya mwili, nyuzi za nguo na mabaki ya sabuni vilikuwa vimeshikamana ndani, chini ya ile sehemu inayozunguka na ndani ya mpira wa kutoa maji. Tulikuwa tunafua kwa maji ya baridi, tunatia sabuni nyingi kupita kiasi, na baada ya kazi tunafunga kifuniko. Joto kidogo, unyevu na chakula: mikrobe na ukungu havihitaji kitu kingine.

Ukimimina javeli juu ya uchafu, nguvu yake inaliwa na ule uchafu kabla haijafika kwenye mikrobe. Ni kama kupaka rangi ukuta wenye matope. Na maji ya moto yanaharibu nguvu ya javeli na kuongeza mvuke wake. Javeli inataka maji ya baridi.

Kwa hiyo shikeni neno moja, na muwafundishe mabinti zenu: uchafu kwanza, dawa baadaye, na dawa iwe moja tu.

KUSAFISHA MASHINE, HATUA KWA HATUA

Sisi sasa tunafanya kazi hii mara moja kwa mwezi, na kila mara baada ya kufua nguo za mgonjwa. Haimalizi bidoni nyingi za maji, jambo ambalo ni la maana sana kwetu tunaongoja maji ya REGIDESO.

Kwanza, toa waya kwenye prizi. Kuzima kwa kitufe hakutoshi. Mikono iwe mikavu, na miguu isiwe katika maji. Fungua mlango na dirisha, peleka watoto mbali.

Pili, toa maji yote yaliyobaki. Toa kichujio kinachoshika nyuzi, kisugue kwa mswaki wa zamani na sabuni. Katika mashine zenye mlango wa mbele, kichujio mara nyingi kiko chini, nyuma ya kifuniko kidogo. Weka beseni ya chini na kitambaa kabla ya kukifungua, kwa sababu maji yatamwagika.

Tatu, sugua ndani kwa sponji, maji ya vuguvugu na sabuni kidogo. Usisahau kingo, chini ya kifuniko, na mahali pa kuwekea sabuni. Kama mashine ina mpira mlangoni, fungua mikunjo yake kwa vidole. Humo mnakaa ukungu mweusi, nywele, hata vifungo. Kisha suuza sabuni yote itoke.

Nne, sasa ndiyo zamu ya javeli. Vaa mipira ya mikono, na kama huna, funga mfuko wa plastiki mkononi. Tengeneza dawa katika beseni ya plastiki: maji ya baridi kwanza, javeli baadaye, ili isikurukie machoni. Kipimo tutakieleza hapa chini. Lita moja ao mbili zinatosha. Chovya kitambaa, pangusa ndani yote, na uache pabaki na unyevu wa dawa kwa dakika 10. Usiache saa nzima ao usiku mzima, kwa sababu javeli inakula chuma na kuchosha mipira. Ile inayobaki imimine ipite katika mpira wa kutoa maji.

Tano, suuza kwa maji safi mara mbili hadi harufu ya javeli ipungue kabisa. Pangusa kwa kitambaa kikavu. Kausha waya na mahali pa kuchomeka kabla ya kurudisha kwenye prizi.

Sita, acha kifuniko ao mlango wazi hadi ndani pakauke. Fanyeni hivyo kila mara baada ya kufua. Kama mashine yenu ina mlango wa mbele na mna watoto wadogo, mmoja wenu awe karibu, kwa sababu mtoto anaweza kuingia ndani akicheza. Ikikauka, ufungwe.

Kutu tuliifanyia siku nyingine kabisa, baada ya mashine kusuuzwa vizuri na kukauka, wala javeli haikuwa karibu.

KIPIMO: HESABU NDOGO

Angalieni karatasi ya chupa. Kwenye javeli nyingi kuna nambari yenye alama ya digrii, kwa mfano 8° ao 12°. Hiyo ndiyo nguvu yake. Kwa javeli ya 12°, tia vijiko 2 vikubwa vya supu katika lita 1 ya maji ya baridi. Kwa javeli ya 8°, tia vijiko 3. Kipimo hicho ni cha kupangusia vyombo vilivyokwisha kusafishwa kwa sabuni. Si cha kunywa, wala si cha kunawa mikono.

Dawa iliyochanganywa inatumika siku ile ile. Kesho imepoteza nguvu. Hata javeli ndani ya chupa inachoka pole pole, na inachoka haraka zaidi juani na mahali pa joto. Ndiyo sababu chupa inayokaa mezani sokoni chini ya jua mwezi mzima inaweza kuwa na harufu bila nguvu.

Na javeli inayouzwa katika chupa za maji ya kunywa, bila karatasi yoyote? Hatujui nguvu yake, na mtoto hajui kwamba si maji. Sisi tuliamua katika kundi kwamba hainunuliwi tena, hata kama bei yake inavutia. Kama chupa kubwa ni ghali, mama watatu wanaweza kuchanga na kuigawana, lakini kila mmoja aandike kwenye chupa yake kwa wino mkubwa: JAVELI, SUMU, pamoja na nambari ya digrii. Nayo iwekwe juu, mahali ambapo mtoto hafiki hata akipanda kiti.

BESENI, NDOO, KAMBA NA PASI

Wengi wetu hatuna mashine, na mafundisho ni yale yale. Beseni ya plastiki iliyokwaruzwa sana ao yenye ufa inaficha uchafu ambao mswaki hauufikii. Hiyo iwe ya kazi nyingine. Beseni ya vitambaa vya mtoto isitumiwe kuoshea sombe ao sahani. Kwetu tumechagua rangi: nyekundu ni ya nguo, bluu ni ya vyombo. Hata mtoto asiyejua kusoma anaelewa.

Nyumba ikiwa na mtu mwenye kuhara sana, tuseme kolera, nguo zake zinafuliwa peke yake, mbali na mahali tunapochota maji, na beseni inasafishwa kwa sabuni kisha kwa javeli mara moja. Na tangu mwaka 2024, wakati mpox ilipotutesa hapa Kivu ya Kusini, tumejifunza pia kutokung’uta mashuka ya mgonjwa. Yanakunjwa pole pole na kuingizwa moja kwa moja katika maji na sabuni.

Kamba ya kuanikia ipanguseni kwa kitambaa chenye sabuni, pamoja na vibanio. Kuhusu pasi ya makaa: isafisheni ikiwa baridi, mwageni majivu yote, sugueni chini yake kwa kitambaa chenye maji kidogo, kisha muikaushe. Iwasheni uani, kwa maana moshi usioonekana wa makaa unaua katika chumba kilichofungwa. Na msiache kupiga pasi nguo zilizoanikwa kwenye majani ao kivulini, hasa kwenye mishono, kwa kuwa kuna nzi anayetaga mayai katika nguo mbichi, na funza wake huingia katika ngozi.

Ndoo na beseni zenye maji zisibaki chini bila mtu. Mtoto anayeanza kutembea anaweza kuzama katika maji machache sana, kichwa chake kinamzidi uzito na hawezi kujiinua. Kazi ikiisha, mwaga maji, geuza ndoo.

UMEME NA MIKONO

Mashine zetu zina hatari nyingine ambayo kitabu cha mtengenezaji hakiisemi kwa sauti kubwa, kwa sababu yeye hakai mahali umeme unapokatika mara tano kwa siku. Umeme ukikatika, mama anaingiza mkono upande wa kukamulia ili atoe nguo. Umeme unarudi ghafula, na mashine inaanza kuzunguka na mkono uko ndani. Kwa hiyo umeme ukikatika, fanya kwanza mambo mawili: rudisha kitufe kwenye sifuri, na toa waya kwenye prizi. Kisha ndiyo ufungue.

Ukigusa mashine na kusikia kama sindano ndogo mkononi, usiseme “ni kawaida yake”. Umeme unatoka. Iache, iteni fundi wa umeme aangalie waya wa ardhi. Waya uliochubuka haufungwi kwa plastiki ya mfuko.

AJALI IKITOKEA

Mkisikia harufu kali inayochoma, tokeni nje mara moja, na msirudi kuokoa mashine ao nguo. Peleka mtu penye hewa safi, mvue nguo zenye dawa, nawa uso na macho kwa maji safi. Kama anakohoa, kifua kinabana ao anapumua kwa shida, apelekwe kituo cha afya, hata kama anasema anapata nafuu. Mapafu yanaweza kuzidi kuumia baada ya saa kadhaa.

Javeli ikiingia jichoni, mimina maji safi taratibu kwa dakika 15 ao zaidi, jicho likiwa wazi, kisha nendeni kwa muganga.

Mtoto akinywa javeli, msimtapishe. Inachoma ikishuka, na inachoma mara ya pili ikipanda. Msimpe mafuta ya mawese, ingawa mama zetu walituambia hivyo kwa nia njema. Akitapika, mafuta hayo yanaweza kuingia katika mapafu. Msuuze mdomo kwa maji, chukua chupa yenyewe mkononi, na mkimbie kituo cha afya ili muganga aone alichokunywa.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KUNDI

1. Nyumbani kwetu javeli iko wapi leo? Mtoto wa miaka mitatu anaweza kuifikia?
2. Kuna dawa gani nyingine karibu nayo? Zipi zina asidi?
3. Nani katika nyumba anayefua wakati mama hayupo? Je, binti ao mfanyakazi huyo amefundishwa haya?
4. Umeme ukikatika mashine ikiwa inazunguka, tunafanya nini kwanza?

Swali la 3 tunaomba msilipite haraka. Mara nyingi sisi tunasikia mafundisho, na yule anayeshika beseni hakuyasikia. Siku ile ya ajali, binti mkubwa wa mama mtunza-sanduku alitueleza kwamba naye alikuwa anachanganya hivyo hivyo kwa kusafisha choo, kwa kuwa alimwona mama yake. Mashine yetu tuliisafisha upya pamoja, mlango wazi, kila mmoja na kazi yake, na binti huyo ndiye aliyepima vijiko. Harufu ilitoka. Wateja walirudi, hata wale walionung’unika zaidi.

Juma lijalo tutaongea juu ya kuhifadhi maji ya kunywa wakati wa kiangazi. Mwenye swali alilete siku ya mkutano, tutajibu pamoja.